Jini Asiye na Kibali

YAH: HARUFU YA TOPE KATIKA STOO YA UNGA

Barua yenye kichwa hicho iliandikwa na Danieli, mkuu wa kituo cha kuzuilia wahamiaji cha Nalingwende, mwaka 2003. Aliiandika kwa sababu utaratibu ulitaka kila kasoro ya stoo iripotiwe mkoani, na kwa sababu siku hiyo hakuwa na kazi nyingine ya maana. Majibu yalikuja baada ya majuma kadhaa, yakiwa na mihuri miwili: stoo ipigwe chokaa. Chokaa yenyewe haikuletwa.

Nalingwende lilikuwa ghala la korosho la chama cha ushirika kilichokwisha kufa, kando ya barabara itokayo Mtwara kwenda mto Ruvuma. Kuta zilikuwa nyeusi hadi usawa wa kifua kwa mafuta ya maganda, na jua likiwaka zilitoa harufu kali ya kuwasha macho. Hiyo kila mtu aliizoea. Ya stoo ilikuwa nyingine. Ilikuwa harufu ya tope la mikokoni maji yakishakupwa, na mto ulikuwa mbali, saa nzima kwa gari zima, na kituo hakikuwa na gari zima.

Aliyeigundua alikuwa Rehema, mpishi.

"Mkuu, unga unanuka mto."

"Mto unanukaje, Mama Ismaili?"

"Njoo unuse mwenyewe."

Danieli alikuwa mtu wa Njombe, ambako mito ina baridi tu. Akainama juu ya gunia, akanusa, akainuka na kufuta pua kwa kiganja. Ndipo akaenda kuandika barua.

Pale ndani walikaa vijana wa Kihabeshi waliokuwa safarini kwenda kusini, Wakongo na mabunda yao, na watu wa ng'ambo ya Ruvuma waliovuka kuja kusalimia jamaa. Hao wa mwisho, miaka ya nyuma, ofisa aliwaambia warudi kwao kabla ya jua kuzama, wakarudi. Kisha ukaja waraka. Waraka ulisema kwamba mtu yeyote atakayekiri mbele ya ofisa kuwa ameingia nchini bila kibali atazuiliwa, bila kujali umri wala hali yake, hadi kamati itakapokaa. Ofisa hana hiari. Kamati itakaa lini, waraka haukusema. Labda waandishi wake waliona si adabu kuipangia kamati.

Danieli hakuupenda. Msaidizi wake, Anold, kijana aliyetoka chuoni na pasi kali za suruali, aliupenda.

"Kabla ya waraka, Mkuu, walikuwa wanatoka kina nani?" aliuliza siku moja wakinywa chai.

"Walioonewa huruma."

"Walioonewa huruma ni wenye kitu mfukoni. Asiye na kitu alibaki. Hiyo hiari mnayoililia ilikuwa inauzwa kama maandazi."

Danieli hakubisha, maana alimjua mwenzake mmoja aliyeiuza na sasa alikuwa gerezani. Akamwongezea Anold chai.

Stoo ilianza kunuka baada ya kifo cha Bibi Atija. Huyu alikuwa mama mtu mzima wa Kimakua, wa ng'ambo, aliyevuka kuja kwenye arobaini ya dada yake. Aliposimamishwa njiani alisema kweli, "Nimevuka, baba, nimekuja msibani," na kweli hiyo ikamfungia. Alisema pia kwamba kichwani mwake ana mgeni, amemrithi kwa mama yake, mgeni wa majini, asiyeweza kukaa mbali na mto. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya magonjwa, hapakuwa na nafasi ya wageni. Danieli akajaza "hali ya kawaida". Bibi Atija alikaa akisubiri kamati, akakonda, akaanza kulamba ukuta asubuhi kutafuta unyevu, na siku moja hakuamka. Mwislamu mwanamke pale kituoni alikuwa mmoja tu, Rehema. Akamwosha yeye, ndani ya stoo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na sakafu ya saruji na mlango wa kufunga.

Tangu hapo Rehema akaanza kubadilika, kidogo kidogo, kwa namna ambayo mtu angeweza kuisingizia uchovu. Chakula kilikosa chumvi. Sufuria ziliungua naye yuko palepale, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, uso umeelekea kusini. Alipoitwa alichelewa kuitika, kama mtu anayetoka chumba cha ndani. Mchana wa jua kali, watu wamelala kwa joto, ilisikika stoo sauti ya nguo nzito inayokamuliwa, maji yakimwagika, kisha inakamuliwa tena. Wahabeshi waliacha kula ugali. Mmoja wao aliyejua Kiswahili kidogo alimwambia mlinzi, polepole, "Mwanamke wa chakula wako wawili." Mlinzi akasema hapana, yupo mmoja. Yule kijana akatikisa kichwa, akaenda kukaa ukuta wa mbali.

Nyumbani kwake Shangani, mjini Mtwara, mke wa Danieli alianza kuanika sare yake nje, akilalamika kwamba inanuka kama mtego wa kaa. Danieli akasema ni stoo, wamekwisha kuiandikia barua.

Kisha ikawa Ijumaa moja, saa saba mchana. Rehema hakuonekana jikoni. Danieli alisukuma mlango wa stoo, na mwanga ulipoingia akamwona ameketi sakafuni kati ya magunia, ameyafumua nywele zake, anazichana kwa vidole, na kila alipopitisha vidole maji yalichuruzika mabegani, maji ya rangi ya chai yenye majani ya mkoko ndani yake, yakatambaa sakafuni hadi kwenye viatu vya Danieli, yakiwa ya uvuguvugu kama kitu kilichotoka mwilini mwa mtu, naye Danieli akataka kurudi nyuma na miguu haikurudi, akataka kuita na alichokipata ni kule kuhesabu magunia kwa macho, kazi aliyoizoea, hadi yule mwanamke alipogeuza shingo polepole na kumtazama kwa macho ambayo hayakuwa na hasira wala huzuni, macho ya mtu aliyepanga foleni siku nyingi na sasa ameona dirisha linafunguliwa.

"Nipeleke," alisema. Haikuwa sauti ya Rehema.

Danieli akafunga mlango, taratibu, kama anayetoka chumba cha mgonjwa.

Mume wa Rehema, Hamisi, mkulima wa mihogo, alifika kesho yake na Bi Farida, fundi wa kupunga pepo kutoka Mikindani. Bi Farida alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani na mkoba wa plastiki. Walizungumza na Danieli nje, chini ya kivuli cha bati, kwa sauti za chini.

"Pepo wa marehemu kampanda," Bi Farida alisema. "Kiti chake, yule bibi aliyemkalia, kimekufa, kakamata kilichokuwa karibu. Si mbaya huyu. Hana kwao hapa, basi."

"Atatoka?"

"Akiulizwa vizuri atasema anachotaka. Akipewa, anakwenda."

"Na ukimwuliza, bibi, Mama Ismaili ataumia?"

"Atalala, ataamka na njaa."

Danieli akakubali. Anold naye akakubali, kwa sharti: mahojiano yoyote yanayofanywa kituoni na mtu wa nje lazima ofisa awepo na yaandikwe. Kwa hiyo, ubani ulipowashwa stoo na Rehema akafunikwa shuka nyeupe, pembeni ya chetezo walikaa maofisa wawili kwenye viti vya ofisi, mmoja na kalamu.

Bi Farida aliimba kwa muda, akipiga kofi moja moja. Shuka ikaanza kulowa kutoka ndani.

"Karibu, mgeni," Bi Farida alisema. "Nani wewe?"

"Jina langu halitawafaa."

"Unatoka wapi?"

"Ng'ambo."

"Umeingiaje huku?"

"Nimevuka na kiti changu. Mkakifungia hadi kikavunjika. Nimekaa hiki."

"Nani kakupa ruhusa ya kukaa?"

"Hakuna. Sikuomba."

Danieli alitambua kwamba maswali yale ni yake mwenyewe, na kwa mpangilio uleule. Alitaka kutabasamu, ila harufu ilikuwa imemjaa kinywani.

"Unataka nini?"

"Kwetu. Nifikisheni ukingoni niyaone maji, nitashuka palepale. Kiti nitawaachia."

Bi Farida akaahidi. Kesho asubuhi, maji yakijaa, pamoja na halua na mayai. Shuka ikatulia. Rehema akalala, akakoroma kama mtu yeyote. Hamisi akafuta machozi kwa kofia.

Anold alikuwa bado anaandika. Alipomaliza alifunika kalamu yake.

"Mkuu," alisema, "huyu amekiri."

Danieli akacheka. Alicheka peke yake.

"Aliyekiri siye yeye, Anold."

"Kinywa ni cha nani?"

"Unamjua Mama Ismaili. Umekula ugali wake mwaka mzima."

"Namjua. Lakini amesema mbele ya maofisa wawili kwamba ametoka ng'ambo, amevuka, hana ruhusa. Nikilipitisha hili leo, Mkuu, kesho kila Mhabeshi mle ndani atasema aliyekiri ni jini. Tutawajibu nini?"

Bi Farida alikuwa anarudisha chetezo mkobani. "Wanangu," alisema bila kuinua sauti, "mimi namwuliza pepo anatoka wapi ili aende. Nyie mnamwuliza ili akae?"

Danieli alisimama mlangoni akitazama barabara. Alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Kumruhusu mtu aliyekiri kwenda mtoni, hata kwa asubuhi moja, ndilo kosa hasa lililomfunga mwenzake. Anold angeripoti, na angeripoti kwa haki. Upande mwingine, kamati ilikuwa inakuja mwezi ule. Kamati ni watu wazima wenye akili. Ingemwona mpishi, ingecheka, ingemwachia na hati yenye muhuri, na hakuna ambaye angekuwa amevunja kitu.

"Tumzuie hadi kamati," alisema. "Watacheka."

Hivyo Rehema akawa mahabusu mahali alipokuwa mpishi. Mahabusu haruhusiwi kupika, kwa hiyo walinzi wakasonga ugali wenyewe, ukawa na madonge. Mkoa uliposoma taarifa ulisimamisha mshahara wake na ukamwandikia Danieli onyo la kumwajiri mgeni bila kibali cha kazi. Alilisoma onyo hilo mara mbili. Lilikuwa limeandikwa vizuri.

Hamisi alikuja kila siku na kitu alichoona kinaweza kusaidia. Siku moja alimleta mjumbe wa nyumba kumi. Siku nyingine kadi ya kliniki iliyoliwa na mchwa, limebaki tundu mahali pa jina. Rehema alizaliwa nyumbani, kama kila mtu wa rika lake kule Naumbu, na cheti cha kuzaliwa alikuwa hajawahi kukiona hata cha mtu mwingine. Anold alipokea kila kitu kwa heshima, akatoa risiti.

Jini aliponyamaza, Rehema alikuwa Rehema. Jioni moja alimwita Danieli dirishani.

"Mkuu, niambie ukweli. Siku ile nilisema nini?"

Danieli akamweleza.

"Nami nimezaliwa hapo Naumbu."

"Najua, Mama Ismaili."

"Basi andika kwamba unajua."

"Nimeandika."

"Wamesemaje?"

"Wamesema kujua kwangu si kielelezo."

Rehema alifikiri. Alikuwa amekonda, na vidole vyake vilikuwa na mikunjo kama vya mtu aliyefua siku nzima.

"Anakaa hapa," alisema akigusa kisogo. "Akinyanyuka nasikia tope, halafu mimi sipo. Nikirudi nakuta mambo yamesemwa." Akashika nondo za dirisha. "Nisaidie siku hiyo nisiondoke. Niite jina langu. Ukiniita kwa nguvu huwa narudi."

"Nitakuita."

"Unaapa?"

"Naapa."

Katika siku zile za mwisho hata Anold aliacha kuingia ukumbini kwa mahabusu peke yake. Maji yalikuwa yanajaa na kupwa mle ndani. Hayakuonekana, lakini kila siku saa za maji kujaa kule mtoni, watu waliolala kwenye mikeka walisikia chini ya saruji kitu kipana kinakuja, kinapanda kwenye kuta, kinanyanyua magunia matupu na kuyasugua pamoja, kinaingia masikioni na kutulia humo, wakashikana mikono watu ambao hawakuwa na lugha moja ya kusalimiana, Mhabeshi na Mkongo na bibi wa Kimakonde, wakainua vichwa juu kama wanaotafuta hewa, wakabaki hivyo hadi kilipoanza kurudi kilikotoka, polepole, kikiwaachia ladha ya chumvi midomoni na kila mtu akiona aibu kumwangalia mwenzake. Rehema peke yake alibaki amelala, akitabasamu kidogo.

Kamati ilikuja. Walikuwa watatu, na maji yao ya chupa. Walikaa meza ndefu chini ya feni isiyozunguka, wakasikiliza watu tangu asubuhi. Rehema aliitwa baada ya chakula.

"Jina?" mwenyekiti aliuliza.

"Rehema binti Selemani. Wa Naumbu."

Danieli alikuwa amesimama ukutani. Akashusha pumzi. Mjumbe wa kushoto hata aliinua uso, akaona mama wa kawaida wa kanga, akaanza kutabasamu kama Danieli alivyotabiri.

Kisha harufu ikaja. Mwenyekiti alitazama chini ya meza, akavuta miguu.

"Mama Ismaili," Danieli alisema.

"Mkuu wa kituo hajaulizwa," alisema mwenyekiti.

Danieli alikuwa ameapa kuita kwa nguvu, na aliita mara moja, kwa sauti ya kawaida ya ofisini, na alipoambiwa anyamaze alinyamaza, maana ndivyo alivyozoea mbele ya meza kama ile. 

"Unatoka wapi?"

"Ng'ambo."

"Uliingiaje?"

"Nilivuka."

"Una kibali?"

"Sina."

Ilikuwa sauti nzito, isiyo na haraka. Mwenyekiti alitamka kwa ajili ya kumbukumbu kwamba huyu ndiye wa kwanza siku hiyo kujibu bila kubabaika.

"Kamati ikiamua urudishwe ulikotoka, una pingamizi?"

"Sina. Ndilo ninaloomba."

Wakatazamana. Watu wengi wanalia hapo. Mjumbe wa kushoto akaandika "kwa hiari" na kupigia mstari.

Danieli akapiga hatua moja mbele. "Mwenyekiti, naomba kusema. Huyo siye."

"Siye nani?"

"Siye Rehema."

"Ndivyo kamati ilivyoona pia," alisema mwenyekiti, akageuza ukurasa.

Siku ya safari gari la kuazima liliwafikisha ukingoni kabla jua halijawa kali. Hamisi na Bi Farida walikuwa wametangulia kwa baiskeli na halua yao kwenye kitambaa. Pale mto si mpana. Kwa sauti ya juu watu huulizana hali toka upande mmoja hadi mwingine. Mtumbwi ulikuwa unangoja, na walinzi wa upande ule walishaonekana mchangani, wamepewa taarifa.

Danieli alimsogelea Bi Farida. "Bibi, ameyaona maji. Si alisema atashuka?"

"Alisema hivyo alipokuwa anaomba." Bi Farida hakumtazama. "Sasa mmempa safari nzima hadi mlangoni kwake. Ya nini ashuke njiani?"

Rehema aliingia mtumbwini bila kushikwa mkono. Kanga yake ilikuwa kavu. Alishika pindo, akalikamua, na maji yakatoka, mengi, yakaendelea kutoka mpiga kasia alipokuwa anasukuma. Hamisi alimwita kwa jina, kisha kwa jina la mtoto. Hakugeuka. Harufu iliondoka pamoja na mtumbwi. Kwa mara ya kwanza tangu kifo cha Bibi Atija Danieli alivuta hewa isiyo na kitu ndani yake, na akaona aibu kwamba ilikuwa tamu.

Upande wa pili alishuka, akakanyaga tope hadi vifundoni. Tope likajikunja kumzunguka mara moja, kama maji yanavyojikunja samaki mkubwa akipita, kisha likawa tope tu. Akayumba. Akajishika kichwa, akajitazama miguu, akatazama wale walinzi waliokuwa wanamjia, akageuka.

"Baba Ismaili," aliita, na ilikuwa sauti ileile iliyokuwa ikiwaita watu chakula. "Mbona mko huko?"

Hamisi aliingia majini hadi magotini. Danieli alimkamata shati kwa nyuma.

"Usivuke, baba," alimwambia, kwa upole. "Ukivuka utarudi bila kibali. Itabidi na wewe nikuzuie."

Anold alikuwa garini, anatazama usukani.

Jini alirudi kwao. Rehema binti Selemani, Mtanzania, mzaliwa wa Naumbu, alikamatwa ng'ambo kwa kuingia bila kibali, akazuiliwa, na hakurudi.